Kutoka Sol-fa ya Ubaoni hadi Chuo Kikuu: Elimu ya Muziki katika Uimbaji wa Kanisa

Utangulizi

Historia ya usharika haikamiliki kwa kutaja majengo yaliyojengwa, wachungaji waliotumika na idadi ya waliobatizwa tu. Iko historia nyingine ambayo husikika zaidi kuliko inavyosomeka, nayo ni historia ya uimbaji. Mkristo aliyesahau mahubiri aliyoyasikia Jumapili iliyopita huweza kuimba bila kitabu wimbo aliofundishwa akiwa mtoto wa shule ya Jumapili. Kwa hiyo ni haki kwamba kitabu cha kumbukumbu ya miaka 100 kiwe na sura inayouliza maswali haya: uimbaji wa Kanisa ulifundishwaje, na nani aliyeufundisha? Je, yule atakayeufundisha katika miaka ijayo atapata wapi elimu yake?

Katika nchi ya Musoma neno lenyewe lina utamu wake. Mgeni anayefika kutoka mbali na kusikia habari za Wakwaya anaweza kudhani kwamba anaambiwa juu ya waimbaji, kumbe anaambiwa juu ya kabila la watu wanaokaa kando ya Ziwa Viktoria, majirani wa Wajita, Waruri na Wazanaki. Lakini kwaya ya kanisani, ile inayosimama na kuimba kwa sauti nne, ni jambo lililoingia pamoja na Injili, na lilihitaji kufundishwa. Kabla yake watu wa Majita hawakuwa bubu. Walikuwa na nyimbo za kulima, za kuvua, za harusi na za msiba, na waalimu wao walikuwa wazee. Historia ya elimu ya muziki ni historia ya kukutana kwa waalimu hao wa namna mbili: yule wa kijijini na yule wa ubaoni.

Mafunzo ya muziki ni jambo la kale katika Kanisa

Wako Wakristo wanaodhani kwamba kusomea muziki ni jambo la kidunia, na kwamba uimbaji wa kweli hutoka moyoni bila kufundishwa. Maandiko yanasema vingine. Katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, mlango wa 15, Kenania aliwekwa kusimamia uimbaji kwa sababu alikuwa stadi wa kazi hiyo. Katika mlango wa 25 tunasoma habari za waimbaji wa nyumba ya Bwana waliofundishwa nyimbo, na hesabu yao ilikuwa 288. Waliwekwa katika zamu kwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Basi katika hekalu kulikuwa na mwalimu wa muziki, kulikuwa na mwanafunzi wa muziki, na kulikuwa na utaratibu wa kumtoa huyu kwenye uanafunzi na kumfikisha kwenye ustadi.

Vyuo vikuu vya Ulaya vilipoanza, muziki ulikuwa miongoni mwa masomo manne yaliyohesabiwa kuwa ya namba na vipimo, pamoja na hesabu, jometri na elimu ya nyota. Cambridge kilimpa Henry Abyngdon shahada ya muziki mwaka 1464, kabla Martin Luther hajazaliwa. Luther mwenyewe, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Erfurt tangu mwaka 1501, aliujua muziki kwa nadharia na kwa vitendo. Aliimba na kupiga ala ya nyuzi, na mwaka 1524 alishirikiana na Johann Walter kutoa kitabu cha nyimbo za sauti nyingi kwa ajili ya vijana. Aliuweka muziki karibu sana na theolojia, na alishikilia kwamba mwalimu wa shule lazima ajue kuimba.

Miaka 200 baadaye Johann Sebastian Bach aliwafundisha vijana muziki katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, tangu mwaka 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750. Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kulikumbuka jina la mji huo, kwa kuwa Misioni ya Leipzig ndiyo iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893. Waliotoka huko walikuja na imani, na pamoja na imani walikuja na desturi kwamba mwinjilisti na mwalimu wa shule ni lazima aweze kufundisha wimbo.

Sol-fa ubaoni

Chombo kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote katika kuwafundisha Waafrika kuimba kwa sauti nne hakikuwa kinanda. Kilikuwa chaki. Utaratibu wa sol-fa ulianzia kwa mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19. Alitaka watu maskini, wasio na kinanda wala fedha za mwalimu, waweze kusoma wimbo. Badala ya mistari mitano na alama zake, aliandika herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili zilitenga pigo na pigo, na kistari kiliirefusha sauti. Herufi d ilikuwa sauti ya msingi ya wimbo wowote, juu au chini, kadiri ya uwezo wa waimbaji.

Faida yake ilikuwa dhahiri. Wimbo mzima wa sauti nne uliweza kuandikwa ubaoni, kupigwa kwa taipureta na kunakiliwa katika daftari la mwanakwaya bila kuhitaji karatasi maalumu. Utaratibu huu ulienea kwa upesi Afrika Kusini. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao mahadhi yake yamekuwa ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Huko Mara kazi ya misioni ilifanywa na makanisa mbalimbali. Waadventista walifika Majita kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wamenonite walianza Shirati mwaka 1934. Mashemasi, wainjilisti na waalimu wa shule wa makanisa yote wakawa pia waalimu wa uimbaji. Watu wengi walioitwa wajuzi wa muziki vijijini hawakupata elimu nyingine zaidi ya hiyo, na kwa hiyo waliyoipata walifanya makuu.

Hata hivyo sol-fa ina mipaka yake. Ni nzuri kwa mwimbaji, lakini humpa shida mpigaji wa ala. Wimbo unapohama kutoka msingi mmoja kwenda mwingine, msomaji hupotea. Na mapigo ya ngoma, ambapo mkono mmoja hupiga mara tatu katika muda ambao mkono wa pili hupiga mara mbili, hayaandikiki humo kwa urahisi. Mwalimu aliyejua sol-fa peke yake aliweza kufundisha nyimbo zilizokwisha kuandikwa na wengine. Kuandika wimbo wa bibi yake ilikuwa kazi ngumu.

Maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya Kijerumani

Nyimbo za kwanza zilitafsiriwa, na watafsiri walitumika kwa bidii kubwa. Lakini palikuwa na tatizo ambalo bidii haikuweza kuliondoa. Katika Kiswahili mkazo wa neno huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno “Bwana” lina mkazo mwanzoni. Nyimbo nyingi za Kijerumani, kwa upande mwingine, huanza na sauti nyepesi kabla ya pigo zito. Neno “Bwana” likiwekwa mwanzoni mwa wimbo wa namna hiyo, silabi “Bwa” huangukia mahali pepesi na “na” hupigwa kwa nguvu. Anayeimba huzoea, na baada ya miaka mingi hasikii tena kasoro. Lakini mtoto anayesikia kwa mara ya kwanza huisikia.

Katika lugha za kikabila tatizo huzidi. Kijita, kama lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Mahadhi yaliyotungwa kwa ajili ya lugha nyingine hupanda mahali ambapo neno lataka kushuka, na maana hufifia au hugeuka. Mpangaji wa sauti nne naye ana mtihani wake, kwa sababu akiipeleka sauti ya tatu chini wakati sauti ya kwanza inapanda, waimbaji wawili watakuwa wanatamka neno moja kwa toni mbili. Mambo haya hayatatuliwi kwa moyo mnyofu peke yake. Yanahitaji mtu aliyejifunza lugha, aliyejifunza nadharia ya muziki, na ambaye sikio lake limezoezwa.

Tatizo hili lilionekana mapema mahali pengi Afrika. Huko Ghana, Ephraim Amu, mwalimu wa chuo cha Wapresbiteri cha Akropong, alianza kutunga nyimbo zilizofuata toni ya lugha yake, akatumia ala za Kiafrika na kuvaa nguo ya Kiafrika mimbarini. Mwaka 1933 aliondolewa chuoni kwa sababu hiyo. Mwaka 1937 alikwenda London kusomea muziki, akarudi na ujuzi wa nadharia ya Ulaya pasipo kuiacha kazi yake ya kwanza. Leo anahesabiwa kuwa baba wa muziki wa sanaa wa Ghana. Maisha yake yaonyesha kwamba mtu anaweza kusoma nadharia ya wageni kwa undani na kuitumia kuilinda sauti ya nyumbani.

Makumira na nyimbo za nyumbani

Kwa Walutheri wa Tanzania hatua kubwa ilipigwa katika chuo cha theolojia. Chuo hicho kilianza Lwandai, Lushoto, mwaka 1947, kikahamia Makumira, kando ya barabara ya Arusha na Moshi, mwaka 1954. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wanafunzi wa Makumira walikuwa wametoka katika makabila mengi, na kila mmoja alikuja na nyimbo za kwao katika kumbukumbu yake.

Mwalimu wao mmoja, Mchungaji Howard Olson kutoka Marekani, aliona kwamba darasa hilo lilikuwa hazina. Aliwahimiza wanafunzi watunge maneno ya Kikristo juu ya mahadhi ya kienyeji, akayaandika kwa noti na kuyakusanya katika kitabu kilichoitwa Tumshangilie Mungu. Kati ya wanafunzi hao alikuwamo Bernard Kyamanywa kutoka Kagera. Mwaka 1966 aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya. Mwaka huo huo Wilson Niwagila aliandika wimbo wa Roho Mtakatifu, Njoo Kwetu, Roho Mwema.

Yafaa kufuatilia safari ya wimbo wa Kyamanywa. Olson aliutafsiri kwa Kiingereza na Ulrich Leupold kwa Kijerumani. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, na umo pia katika kitabu cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006. Wajerumani, ambao wazee wao walituletea nyimbo zao, sasa huimba Pasaka kwa mahadhi yaliyotoka Tanzania. Jambo hili liliwezekana kwa sababu wimbo ule uliandikwa. Palikuwa na mtunzi, palikuwa na mtu aliyejua kuandika noti, na palikuwa na chuo kilichowakutanisha wote wawili. Nyimbo ngapi nzuri za Majita, za Ukerewe au za Ikizu hazikupata nafasi hiyo, nazo zimekwisha zikwa pamoja na wenyewe?

Wito uliotoka kwa mwana wa Butiama

Swali hilo lilikwisha kuulizwa na mtoto wa mkoa huu. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge, Musoma, alilihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Alieleza jinsi wasomi walivyofundishwa nyimbo na dansi za Ulaya huku wakiwa hawazijui za kwao. Aliuliza ni wangapi miongoni mwa waliosoma wawezao kupiga ngoma, zeze au marimba, hali wengi wao walijua gitaa na kinanda. Ndipo akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana.

Nyerere hakuzungumza juu ya Kanisa, lakini maneno yake yaliligusa Kanisa, maana wasomi wengi wa siku zile walikuwa wamesomeshwa na misioni. Yeye mwenyewe alionyesha baadaye kwamba Injili inaweza kuvaa mavazi ya fasihi ya Kiswahili, alipotoa Tenzi za Biblia mwaka 1996. Mkoa wa Mara unazo pia ala zake: litungu la Wakuria lenye nyuzi nane, na nyatiti ya Wajaluo, ambao wapo Kenya na wapo Rorya. Ala hizi ni ndugu wa kinubi kinachotajwa katika Zaburi. Hata hivyo ni nadra kuziona mbele ya madhabahu.

Muziki waingia vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki

Nyerere alipoingia Makerere mwaka 1943 hapakuwa na idara ya muziki huko. Idara ya Muziki, Dansi na Maigizo ya Makerere ilianzishwa mwaka 1971. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam muziki uliwekwa pamoja na sanaa nyingine, na kwa miaka mingi idara hiyo ilijulikana kama Idara ya Sanaa, Muziki na Maonyesho. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981. Huko alifundisha Hukwe Zawose, Mgogo, bingwa wa ilimba na zeze, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kusikilizwa katika nchi nyingi. Zanzibar ilipata chuo chake cha muziki wa nchi za jahazi mwaka 2002. Katika Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kimekuwa mahali pa kuwaandaa waalimu wengi wa muziki. Na Makumira, iliyokuwa chuo cha theolojia tu, imekuwa chuo kikuu cha Kanisa chenye shahada ya muziki, ambamo nadharia ya Ulaya na ala za Kiafrika hufundishwa katika idara moja.

Faida ya elimu hiyo kwa umma ilionekana Kenya mwaka 1963. Nchi ilipokaribia uhuru, tume ya watu watano wenye ujuzi wa muziki, miongoni mwao George Senoga-Zake na Washington Omondi, ilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa. Walichukua wimbo wa kumbembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, wakaupanga kwa sauti nne na kwa bendi. Mama Mpokomo alikuwa na mahadhi, nao walikuwa na nadharia, na taifa likapata wimbo uliokuwa wake kweli.

Mwanafunzi hujifunza nini?

Mzazi anayeombwa ada ana haki ya kuuliza mtoto atajifunza nini kwa miaka mitatu ambacho hakipatikani katika mazoezi ya kwaya ya Jumatano jioni. Jibu fupi ni kwamba atajifunza kujua sababu ya kile anachokifanya.

Kwanza ni kusoma na kuandika muziki kwa mistari mitano. Mwenye ujuzi huu huweza kusikia wimbo shambani, akaurudisha nyumbani katika karatasi, na mtu wa Arusha au Oslo ambaye hakuwahi kuusikia akauimba. Pili ni upatanifu wa sauti: kwa nini sauti fulani zikiimbwa pamoja hutulia, na nyingine huomba kuendelea. Mwalimu asiyejua hili huwaambia besi “tafuteni ya chini”, nao huitafuta, lakini kila kwaya huipata ya kwake.

Tatu ni mafunzo ya sikio, ambayo wanafunzi wengi huyaona magumu kuliko yote. Mwalimu hupiga mfululizo wa sauti mara mbili au tatu, na mwanafunzi huandika alichosikia. Nne ni kinanda na ala nyingine, kwa kuwa nadharia isiyopita katika vidole husahaulika. Tano ni kuongoza kwaya: kupumua pamoja, kuanza pamoja, na kunyamaza pamoja. Sita ni utafiti, yaani kwenda kwa wazee na kurekodi, kuuliza wimbo huu ulikuwa wa kazi gani, nani aliruhusiwa kuuimba, na wakati gani ulikatazwa. Saba, katika miaka hii ya karibuni, ni elimu ya kurekodi na kupanga muziki kwa kompyuta.

Nadharia inayofundishwa vizuri humwonyesha mwanafunzi pia mwisho wa nadharia hiyo. Wagogo wa Dodoma, kwa mfano, hupatanisha sauti kwa kufuata zile sauti ndogo za asili zinazozaliwa ndani ya uzi unapopigwa. Moja ya hizo haipo katika kinanda kabisa: huangukia katikati ya vibonye viwili. Mwanafunzi asiyefundishwa atasema Wagogo wameimba vibaya. Aliyefundishwa atajua kwamba kinanda ndicho kilichopungukiwa.

Hali ya uimbaji wa sasa

Tangu miaka ya 1990 vinanda vya umeme vimeenea katika sharika. Vimeleta baraka: waimbaji wameshika sauti ya msingi bila kuteleza, na vijana wamevutwa kanisani. Lakini vinanda hivyo vimekuja na midundo iliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Kijana hubonyeza kitufe kimoja, na mdundo ule ule unaosikika Dar es Salaam husikika Bukima, Bunda na Butiama. Ngoma iliyojua kusikiliza mwimbaji na kumngoja imewekwa ghalani, na mahali pake pamekaa mashine isiyomngoja mtu. Kwaya nyingi hurekodi nyimbo ambazo, maneno yakiondolewa, haiwezekani kutambua zimetoka mkoa gani.

Vijana hawa si wa kulaumiwa. Wamepewa chombo bila mafunzo. Shule za sekondari zinazofundisha somo la muziki ni chache mno nchini, hata kama mtihani wake upo. Kwa hiyo kijana hodari wa kwaya hufika mlangoni mwa chuo kikuu akiwa hajawahi kuona noti, na hulazimika kujifunza katika mwaka wa kwanza alfabeti ambayo wenzake wa nchi nyingine walijifunza wakiwa na miaka saba.

Hofu na majibu yake

Hofu ya kwanza ni ya riziki. Mzazi anayeuza dagaa au pamba ili kumsomesha mtoto huogopa kwamba shahada ya muziki haina ajira. Hofu hiyo ni ya haki. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewasaidia vijana wengi wa maskini kuingia vyuoni, lakini mkopo hurudishwa, na hurudishwa kutoka katika mshahara. Usharika unaomsifu mwalimu wa kwaya kwa makofi na kumwacha arudi nyumbani mikono mitupu hauna ujasiri wa kumwambia mzazi asiogope. Palipo na mwinjilisti anayepewa posho, mwalimu wa muziki aliyesomea naye astahili kufikiriwa.

Hofu ya pili ni ya kiroho. Wengine husema msomi wa muziki hugeuza ibada kuwa maonyesho. Hatari hiyo ipo, kama vile ipo kwa mhubiri aliyesomea ufasaha. Hata hivyo Kanisa halijawahi kufunga vyuo vya theolojia kwa sababu wako wahubiri wenye majivuno. Dawa yake ni malezi, na ndiyo maana kuwa na shahada ya muziki katika chuo cha Kanisa, karibu na darasa la theolojia, ni jambo la thamani.

Hofu ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni kwamba kijana atakwenda kusoma na kurudi akiwa mgeni. Atawadharau wazee wasiojua noti, atazisahihisha nyimbo za mama zake hata zifanane na za kitabu. Hofu hii haijibiwi kwa maneno. Hujibiwa kwa namna kijana anavyotumwa. Anayetumwa aende na nyimbo za kwao, na mojawapo ya kazi zake za utafiti iwe juu ya nyimbo za kwao. Akirudi, mzee wa kijiji awe bado ni mwalimu wake.

Hitimisho

Miaka 100 iliyopita ilipokea. Tulipokea nyimbo, tukapokea sol-fa, tukapokea matarumbeta na vinanda, na kwa yote hayo Mungu ashukuriwe. Kizazi cha Kyamanywa na Niwagila kilionyesha kwamba inawezekana pia kutoa, na kwamba anayetoa ni lazima awe na mtu wa kuandika.

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa usharika wowote, hata ulio maskini. La kwanza ni kurekodi: simu iliyo mfukoni mwa kijana yatosha kuhifadhi sauti ya bibi mwenye miaka 80, pamoja na maelezo yake juu ya wimbo anaouimba. La pili ni kufundisha: mwenye kujua sol-fa awafundishe watoto sasa, asingoje mtaalamu, maana anayejua sol-fa hupata wepesi akikutana na mistari mitano. La tatu ni kumtuma mmoja. Si kila usharika utaweza peke yake, lakini sharika za jimbo moja zikichanga pamoja zaweza kumsomesha kijana mmoja, wa kike au wa kiume, kwa ahadi ya maandishi kwamba atarudi kuwatumikia wote, na kwamba atapokelewa na kazi yenye posho.

Watakaoandika kitabu cha miaka 150 watataka kuweka humo nyimbo zilizozaliwa kati yetu, na chini ya kila wimbo jina la mtunzi na jina la mzee aliyetoa mahadhi. Wanakwaya wanaofanya mazoezi jioni ya leo ndio watakaowapatia kitu cha kuandika, kama watafundishwa. Daudi aliwaandaa 288. Sisi twaweza kuanza na mmoja.